Ng'ombe Anapokohoa, Usikimbilie Sindano



Naandika kutoka Mabatini, hapa Mwanza. Jirani yangu mmoja ni mzee mwenye ng'ombe 14. Yeye anaishi hapa mjini, lakini ng'ombe wake wako kijijini, upande wa Misungwi. Mzee huyu alijifunza kusoma katika darasa letu la jioni, na cheti anacho. Siku moja alipiga hodi kwangu, ameshika chupa ya dawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Hebu nisomee chupa hii. Ng'ombe wangu wanakohoa."

"Mzee wangu, cheti unacho. Soma mwenyewe, mimi nasikiliza."

Akavaa miwani. Akasoma herufi moja moja mpaka jina la dawa likatoka. Ilikuwa penisilini. Akaigeuza chupa, akaona tarehe ya mwisho wa kutumika. Tarehe ile ilikuwa imepita miezi minne. Mzee akakaa kimya kidogo.

"Mwalimu, dawa hii nimemchoma mtamba wangu siku tatu. Akapata nafuu, akaanza kula. Sasa wanakohoa wengine wawili, na ndama mmoja amevimba magoti."

Nikamwuliza mtamba huyo alitoka wapi. Akasema alimnunua mnadani miezi mitatu iliyopita. Alikuwa amenona, hana dalili yoyote.

Yaliyompata mzee huyu yanaweza kumpata kila mfugaji. Kwa hiyo leo tujifunze pamoja habari ya ng'ombe anayekohoa. Neno langu kubwa ni hili: kikohozi si ugonjwa mmoja. Ukichoma sindano kabla ya kujua ugonjwa, unaweza kupoteza fedha yako, ng'ombe wako, na ng'ombe wa jirani yako pia.

KIKOHOZI KINA MAMA WENGI

Mapafu ni mahali pa kuvutia hewa. Yakiumia, ng'ombe hukohoa na kupumua kwa shida. Lakini yanaweza kuumizwa na vitu vingi. Hebu tutazame vile vinavyoonekana sana huku kwetu.

Kwanza, nimonia ya kawaida. Hii huletwa na vijidudu ambavyo mara nyingi vimo puani na kooni mwa ng'ombe hata akiwa mzima. Ng'ombe akichoka, vijidudu hivyo hupata nguvu. Huchoka kwa safari ndefu, kwa kubanwa ndani ya lori, kwa kulala kwenye zizi lenye matope na mvua, au kwa kuvuta vumbi jingi. Ng'ombe hupata homa, hutoa makamasi mazito, na hukohoa. Nimonia hii hutibika ikiwahiwa.

Pili, ndigana kali. Ugonjwa huu huletwa na kupe. Ng'ombe huwa na homa kali, na tezi huvimba chini ya sikio na mbele ya bega. Ukizidi, maji huingia mapafuni, ng'ombe hupumua kwa shida na povu humtoka puani. Mfugaji akiona povu husema "huyu ana mapafu". Kumbe chanzo ni kupe. Dawa ya ndigana kali ni nyingine kabisa, nayo inataka kuwahi.

Tatu, minyoo ya mapafu. Hii huwapata hasa ndama wanaolishwa penye majimaji, kama mabondeni na kando ya ziwa. Ndama hukohoa siku nyingi na kukonda, lakini mara nyingi bado anapenda kula. Huyu anahitaji dawa ya minyoo.

Nne, dawa iliyopita njia mbaya. Wapo wanaomnywesha ng'ombe dawa huku wameinua kichwa chake juu sana na kuvuta ulimi. Dawa huingia kwenye koo la hewa badala ya koo la chakula, ikafika mapafuni. Siku chache baadaye ng'ombe ana nimonia. Hapo ugonjwa umeletwa na sisi wenyewe.

Tano, ni homa ya mapafu ya ng'ombe. Huu ndio ugonjwa uliokuwa katika zizi la mzee wetu, nao unataka tuueleze vizuri.

HOMA YA MAPAFU YA NG'OMBE NI NINI?

Homa ya mapafu ya ng'ombe huletwa na kijidudu kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Kijidudu hicho hutoka kwa ng'ombe mgonjwa anapokohoa na kupumua. Ng'ombe mwingine aliye karibu huvuta hewa hiyo, naye huambukizwa. Kwa hiyo ugonjwa huenea pale ng'ombe wanapokaribiana: zizini usiku, lamboni, joshoni, mnadani, na ndani ya lori. Hauambukizi watu.

Jambo la hatari ni kwamba ugonjwa huu hujificha. Tangu ng'ombe avute kijidudu mpaka aonyeshe dalili, mara nyingi hupita wiki 3 hadi miezi 3. Pengine huwa zaidi ya hapo. Ndiyo maana mtamba wa mzee alionekana mzima siku ya mnada.

Dalili zake ni hizi:

Ng'ombe ana homa kali. Joto la ng'ombe mzima ni nyuzi 38 hadi 39 na nusu hivi. Huyu hupanda kupita 40.

Anaacha kula. Maziwa yanapungua. Anabaki nyuma ya wenzake malishoni.

Anakohoa kikohozi kikavu kinachomwuma. Anapotoa pumzi huguna kama mtu aliyebeba mzigo mzito.

Anasimama amenyoosha shingo, mgongo ameupinda, na viwiko vya miguu ya mbele amevitanua nje. Anafanya hivyo ili mbavu zisimbane. Hataki kutembea.

Ndama wadogo mara nyingi hawakohoi. Wao huvimba viungo, hasa magoti.

Wengine hufa. Wengine hupata nafuu, wakanenepa tena. Hao waliopata nafuu ndio wa kuangaliwa sana. Ndani ya pafu la ng'ombe kama huyo kinaweza kubaki kipande cha nyama iliyokufa, kimefungwa na ngozi ngumu kama mfuko. Ndani ya mfuko huo vijidudu vinaweza kuishi miezi mingi. Huwezi kumtambua kwa macho. Anakula, analima, anazaa, kumbe anaweza kuwa amebeba ugonjwa.

KWA NINI SINDANO YA SIRI NI HATARI?

Sasa turudi kwenye chupa ya mzee. Penisilini huua vijidudu vingi kwa kuharibu ukuta wao wa nje. Lakini kijidudu cha homa ya mapafu ya ng'ombe hakina ukuta huo. Kwa hiyo hata chupa ile ingekuwa mpya, isingefaa kitu. Mtamba hakuponywa na dawa. Mwili wake ulipambana wenyewe. Mzee akadhani ni sindano, akamwacha alale na wenzake.

Wengine watasema, "Mimi natumia OTC." Ni kweli, OTC ni dawa nzuri kwa magonjwa kadhaa, na nimonia ya kawaida ni mojawapo. Kwa homa ya mapafu ya ng'ombe inaweza kushusha homa na kupunguza vifo. Lakini huwezi kutegemea kwamba imemaliza vijidudu vyote. Ule mfuko ndani ya pafu huvikinga. Basi ng'ombe anaonekana amepona, mwenyewe anafurahi, anamrudisha zizini au anampeleka mnadani. Ugonjwa nao unasafiri pamoja naye.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Kwa ugonjwa huu, kilio kinaweza kuanza nyumbani kwa jirani.

Wapo pia wanaomchoma ng'ombe mbavu kwa chuma cha moto. Ndugu zangu, moto wa nje haufiki kwenye pafu. Unamwongezea mnyama maumivu na kuharibu ngozi yake.

UFANYE NINI UKIONA NG'OMBE ANAKOHOA?

Fanya mambo haya, na uyafuate kwa mpango.

1. Mtenge. Mweke peke yake mbali na wenzake, penye kivuli na hewa safi. Mpe maji na majani laini hapo hapo. Asinywe lambo moja na wengine. Usimkimbize.

2. Usimnyweshe kitu kwa nguvu. Anayepumua kwa shida hupaliwa upesi.

3. Mtazame. Je, ana kupe? Tezi zimevimba? Makamasi yakoje? Anaguna? Kuna ndama aliyevimba magoti? Kama una kipimajoto, mpime kwa nyuma, uandike namba.

4. Kumbuka. Ni nani aliingia zizini mwako miezi sita iliyopita? Alinunuliwa, ni wa mahari, au ulipewa umtunze? Andika.

5. Mwite bwana mifugo wa kata mapema. Kama yuko mbali, mwambie mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Homa ya mapafu ya ng'ombe ni ugonjwa ambao mfugaji hutakiwa na sheria kuutolea taarifa. Nchi yetu inayo Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003.

6. Usiuze, usihamishe, usimkopeshe mtu ng'ombe yeyote wa zizi hilo mpaka ujue ni ugonjwa gani.

7. Ng'ombe akifa, usimpasue mwenyewe. Pengine ni kimeta, na kimeta huua watu. Mngoje bwana mifugo. Yeye ndiye atakayeamua kama apasuliwe, azikwe au achomwe moto.

Bwana mifugo anaweza kuchukua damu au kipande cha pafu kwa uchunguzi. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo hapa Mwanza. Ukijua jina la ugonjwa, ndipo fedha ya dawa haipotei.

UKIPEWA DAWA, TUMIA KISOMO CHAKO

Tuseme bwana mifugo amekuambia ni nimonia ya kawaida. Amekuandikia dawa na siku za kuchoma. Hapa ndipo kusoma na kuhesabu kunapolipa.

Soma jina la dawa. Je, ndilo lililoandikwa kwenye karatasi ya bwana mifugo?

Soma tarehe ya mwisho. Chupa nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini tarehe ni namba. Tafuta herufi EXP, kisha soma mwezi na mwaka. Ikiwa imepita, usinunue.

Soma nguvu ya dawa. OTC ya asilimia 10 na OTC ya asilimia 20 si sawa. Mililita 1 ya asilimia 20 ina dawa mara mbili ya mililita 1 ya asilimia 10.

Soma kipimo. Kipimo hufuata uzito wa ng'ombe. Tufanye hesabu ya mfano. Chupa imeandikwa mililita 1 kwa kila kilo 10. Ng'ombe ana kilo 200. Gawa 200 kwa 10, utapata 20. Ng'ombe huyo anatakiwa mililita 20. Mfugaji akimchoma mililita 5 "ili chupa idumu", amempa robo tu ya dawa. Vijidudu dhaifu vitakufa, vyenye nguvu vitabaki na kuzoea dawa. Kesho dawa hiyo haitafanya kazi tena.

Maliza siku zote ulizoambiwa. Usiache kwa sababu ng'ombe ameanza kula.

Soma siku za kusubiri. Baada ya sindano, dawa hubaki katika maziwa na nyama kwa siku kadhaa. Idadi ya siku imeandikwa kwenye chupa au kwenye karatasi yake. Kabla siku hizo hazijaisha, maziwa hayo usiwape watoto, wala usiyauze. Pia usiuze ng'ombe huyo kwa mchinjaji.

Sindano yenyewe iwe safi. Sindano moja chafu zizi zima ni njia ya kugawa magonjwa.

UGONJWA HUU UNA HISTORIA

Labda utauliza, ugonjwa huu umetoka wapi? Ni ugonjwa wa zamani. Mwaka 1854 uliingia Afrika ya Kusini kwa meli, ndani ya ng'ombe waliotoka Uholanzi. Ng'ombe wengi mno walikufa. Marekani waliumaliza mwaka 1892 kwa kuchinja wagonjwa na kuzuia ng'ombe kusafiri ovyo. Australia nao waliumaliza, wakatangaza mwaka 1973 kuwa hawanao tena.

Sisi pia tuliwahi kuushinda. Kufikia mwaka 1964 ulikuwa umekwisha Tanzania Bara. Tukakaa zaidi ya miaka 20 bila ugonjwa huo. Mwaka 1990 ukaingia tena kupitia Loliondo, upande wa mpaka wa Kenya. Mwaka 1992 ukaingia Kagera kutoka Uganda. Kutoka huko ukaenea mikoa mingi. Haukuja na upepo. Ulikuja kwa miguu ya ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe alikuwapo mtu mwenye fimbo.

Lipo jambo jingine la kujivunia. Chanjo inayotumika sana Afrika kwa ugonjwa huu ina asili ya nchi yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wataalamu walipata Tanganyika kijidudu kilichokuwa na makali kidogo. Wakakipitisha katika mayai ya kuku mara 44 mpaka kikafaa kuwa chanjo. Ndiyo maana inaitwa T1/44.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Chanjo humkinga ng'ombe kwa muda wa kama mwaka mmoja. Kwa hiyo hurudiwa kila mwaka. Mwezi Juni 2025, huko Bariadi mkoani Simiyu, ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya kuchanja na kutambua mifugo. Homa ya mapafu ya ng'ombe ni mojawapo ya magonjwa yanayochanjwa. Ukisikia tangazo kijijini, usifiche hata ndama mmoja. Yule uliyemficha ndiye mlango wa ugonjwa.

Yako mambo matatu ya kukumbuka juu ya chanjo:

Chanjo si tiba. Haimponyi ng'ombe ambaye tayari ni mgonjwa.

Chanjo hii ina kijidudu hai kilichopunguzwa makali. Ukimchoma ng'ombe OTC siku hizo hizo, unaweza kuiua chanjo. Mwambie mchanjaji kama umetumia dawa karibuni.

Chanjo hutunzwa kwenye baridi. Iliyokaa juani haina kazi. Ng'ombe akivimba sana mahali alipochomwa, mwite bwana mifugo.

Mbali na chanjo, kuwa mwangalifu unapoingiza ng'ombe mgeni. Dai kibali cha kusafirisha. Uliza kama kule alikotoka kuna ugonjwa. Mtenge na wenzake miezi mitatu, umtazame kila siku. Najua miezi mitatu ni mingi, hasa kwa mwenye zizi moja. Lakini jirani wawili au watatu wanaweza kusaidiana kujenga zizi la wageni.

Tena, peleka ng'ombe joshoni, safisha zizi, na usiwabane. Hayo yatapunguza na vikohozi vingine.

MZEE WETU ALIFIKIA WAPI?

Mzee alisafiri kesho yake asubuhi, akaenda moja kwa moja kwa bwana mifugo. Alieleza yote, hata habari ya sindano. Wiki ile ng'ombe mmoja alikufa. Bwana mifugo alimpasua. Pafu la upande mmoja lilikuwa gumu, limegandamana na mbavu, na ndani lina michoro kama marumaru. Kifuani mlikuwa na maji mengi ya manjano. Maabara ikathibitisha kuwa ni homa ya mapafu ya ng'ombe.

Kijiji kikawekwa karantini. Minada ikafungwa kwao. Majirani wengine walimnunia mzee. Walisema, "Ametuletea balaa, tena ametutangaza." Lakini ng'ombe wao wakachanjwa mapema, na walipomaliza kuhesabu, wengi wao hawakupoteza hata mmoja. Mzee alipoteza ng'ombe 5 katika 14. Mmoja wao ni yule mtamba wa mnadani. Alichinjwa, na pafuni mwake ukakutwa ule mfuko. Mtamba huyo mzee alikuwa amemtenga kwa mahari ya kijana wake. Angempeleka, ugonjwa ungehamia kwa wakwe.

Juzi nilimwuliza kama anajuta kusema. Alijibu hivi: "Mwalimu, najuta miezi ile niliyokaa kimya. Na najuta kununua chupa bila kuisoma, nami kusoma najua."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja vitu vitano vinavyoweza kumfanya ng'ombe akohoe.

2. Kwa nini ng'ombe aliyepata nafuu ya homa ya mapafu anaweza kuwa hatari?

3. Chupa imeandikwa mililita 1 kwa kilo 10. Ng'ombe wako ana kilo 150. Atapata mililita ngapi?

4. Katika kijiji chenu, ng'ombe mgeni hutengwa wapi? Kama hakuna mahali, mtafanya nini?

KAZI YA NYUMBANI

Chukua daftari. Andika kila ng'ombe wako kwa rangi yake au namba ya hereni yake. Andika alitoka wapi, aliingia zizini tarehe gani, alichanjwa lini, na ametumia dawa gani. Siku bwana mifugo atakapokuja, mpe daftari hilo asome.